Pima mzigo kwanza, begi baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wasomaji wanaochagua begi la kazini kwa macho tu. Mabegi mengi yanayoletwa kwa fundi hayajachakaa, yamezidiwa. Mwenyewe alinunua umbo na rangi, hesabu ya mzigo ikaja nyuma.

Kabla ya kwenda dukani, mwaga mezani kila unachobeba, kisha utenge vya kila siku na vya mara mojamoja. Hivi vya mwisho visikununulishe begi kubwa. Vya kila siku vitie kwenye mizani. Kompyuta mpakato nyingi zina kilo moja na nusu hadi mbili, chaja nayo ina uzito wake, na lita moja ya maji ni kilo moja kabla hujahesabu chupa. Begi la ngozi laweza kukaribia kilo moja na nusu likiwa tupu. Jumla ikipita kilo nne, kwa maoni yangu mkoba wa bega moja haufai tena. Chukua begi la mgongoni lenye mikanda ya sentimita 5 kwenda juu, kwa kuwa mkanda mwembamba hulundika uzito wote pamoja na kukata bega.

Kuhusu kompyuta, inchi 15.6 ni kipimo cha kioo kutoka kona hadi kona. Hakikuambii mashine ina upana gani. Pima mashine yenyewe, urefu, upana na unene, uongeze sentimita moja. Mfuko wake ndani ya begi uishie sentimita 2 au 3 juu ya kitako. Tia mkono mmoja mfukoni, mwingine shika kitako kwa nje: vidole vikikutana, kila utakapotua begi kona ya kompyuta itagonga sakafu.

Zipu ndiyo inayoua begi mapema. Namba yake hukadiria upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita, na mara nyingi imechapwa nyuma ya kichwa, yaani kile kidude kinachovutwa kufunga na kufungua. Namba 5 inatosha mfuko mdogo. Mdomo mkuu wa begi zito unataka 8 au 10. Begi likijazwa kupita kiasi, kichwa hupanuka kidogo kidogo hadi kinapita juu ya meno bila kuyafunga. Hapo watu hulaumu meno na kubadilisha zipu nzima, kumbe kichwa kikibanwa taratibu kwa koleo, pande zote mbili sawasawa, mara nyingi zipu hurudi kazini. Ikishindikana, badilisha kichwa peke yake.

Kisha geuza begi utazame mikanda ilikoshonewa. Tafuta mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Ukiona mstari mmoja wa uzi, hapo ndipo patakapoachia. Ngozi bandia nayo hubanduka kwenye mikunjo, kwani tabaka lake la juu huoza kwa unyevu hata begi likiwa limewekwa tu kabatini. Likianza kubanduka, hakuna fundi wa kulirudisha.

Kupanga si kazi kubwa. Kizito kikae karibu na mgongo, chepesi mbele. Chupa ya maji ikae mfuko wa nje, wima, kamwe isichanganywe na kompyuta, maana kifuniko hulegea kwa mtikisiko. Waya wa chaja usiuzungushe kwa kuukaza kwenye kiboksi chake, utakatika shingoni pale unapoingia. Ukunje kwa duara legevu, uutie kwenye kifuko chake ili vyuma vya plagi visikwaruze kioo. Funguo zifungwe kwa kamba kwenye pete ya ndani. Bitana iwe ya rangi nyepesi. Nyeusi hupendeza dukani, lakini kalamu nyeusi ikizama humo utapapasa hadi uchoke. Na usidanganywe na wingi wa mifuko: ikizidi sita, utasahau kipi kiko wapi.

Siku ya kununua, nenda na mzigo wako. Ujaze begi, uvae, utembee, ufunge na kufungua zipu. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.

Fundi Mikoba