Mama, Haikuwa Barafu

Vermont, Marekani, mwezi wa nane

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo wewe, shikamoo Baba. Ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, hofu ni kwenu tu.

Nianze na mkono. Nilikwambia kwenye simu kwamba nimeteleza kwenye barafu, ukanipa pole, ukaniombea dua. Kumbe dada yuko pembeni anahesabu miezi. Ujumbe wake uliingia usiku uleule: "Barafu Julai, kaka?" Nilizima simu nikalala na aibu yangu. Julai huku hakuna barafu hata ya kutia kwenye sharubati, mpaka uitoe kwenye friji. Nilianguka na baiskeli, Mama. Gari halikunigusa. Nilianguka msituni, kwenye mashindano, nikashonwa nyuzi sita kwenye kiwiko, na aliyesimama kuniuliza kama niko hai ni mtoto wa kike wa miaka 12 ambaye nilikuwa nimejitia kushindana naye.

Barua hii isomwe mpaka mwisho kabla Ami hajatoa fatwa.

La pili, pesa. Nilisema baiskeli ni dola 300. Ni 900, tena ya mkono wa pili, na nimeilipa kwa miezi mitatu. Ada ya dada ya mwezi wa tano ilipochelewa wiki mbili nikasingizia benki. Benki haikuwa na kosa. Dada, najua uliketi nyumbani siku zile wenzako wako darasani, na hukunilalamikia hata neno. Unisamehe. Ya muhula wa tatu nimeshalipa, risiti imo ndani ya bahasha hii.

Sasa Baba. Dada alinitumia sauti yako, sekunde nne tu: "Muulize, anakimbilia wapi?" Nimeisikiliza mara nyingi kuliko unavyodhani. Wewe ulibeba mikate kwa baiskeli yako ya Mamba miaka ishirini, kutoka Majengo mpaka Kongowea, gizani, sanduku la mbao limefungwa kwenye karia kwa mpira wa tyubu kuukuu. Siku uliyoacha uliiegemeza ile baiskeli ukutani ukasema mwanao hatakanyaga pedeli ili apate kula. Basi sikanyagi ili nipate kula. Nakanyaga kwa kulipa: dola kumi kila Jumatano, nizungushwe msituni nirudi palepale nilipoanzia. Hatukimbilii popote, Baba. Ni mduara.

Lakini ngoja nieleze nilivyofika huko, maana nikiiacha hapo mtadhani nimerogwa.

Jimbo hili lote lilihesabiwa watu 643,077 mwaka 2020. Mombasa yetu peke yake, sensa ya 2019, ilikuwa na 1,208,333. Chukua watu wa Mombasa, ondoa karibu nusu, waliobaki watawanye Kwale nzima na Kilifi nzima, na bado huku kutabaki nafasi. Zaidi ya nusu ya barabara ni za udongo na changarawe. Mabango ya matangazo hakuna kando ya njia, yalipigwa marufuku kwa sheria tangu 1968. Kiangazi ni nyasi zinazokatwa, ng'ombe weusi kwa weupe, na kimya. Mtu aliyelelewa Majengo, baina ya muadhini na makanga na muuza kahawa anayegonganisha vikombe, kimya hiki humla polepole. Miaka miwili ya kwanza nilitoka kwa wazee ninaowahudumia asubuhi, nikalala, nikaamka, nikala, nikarudi kwa wazee. Hilo nalo sikuwaambia.

Mwenzangu wa kazi, mzaliwa wa huku, ndiye aliyenichukua Jumatano moja. Alinipa baiskeli ya mumewe na helmeti iliyonibana masikio. Niliona ni dharau kukataa.

Mashindano yenyewe msidhani ni kama yale ya kwenye televisheni. Ni shamba la mtu. Saa kumi na mbili jioni, jua bado kali kama la saa tisa, watu wameegesha magari yao kwenye nyasi zilizokatwa juzi: seremala, mwalimu, mama anayenyonyesha, mzee aliyestaafu mwenye miguu kama nguzo za boriti. Namba unafungiwa mbele ya usukani kwa vikamba vya plastiki. Watoto wadogo kwanza, halafu wakali, halafu sisi wanagenzi. Mzunguko ni kilomita sita, sisi tunapiga miwili. Unaanza kandokando ya shamba la nyasi, unapanda, unaingia msituni kwenye kijia cha upana wa mtu mmoja, mizizi na mawe mwanzo mwisho, kisha unateremka mpaka kwenye banda jekundu ulikotoka.

Siku ya kwanza nilitoka kama mwizi aliyepigiwa kelele. Kilomita ya kwanza sikuona mtu mbele yangu. Ya pili sikuona mtu nyuma yangu. Na kila aliyenipita alisema "kushoto kwako" kwa adabu kabisa, kama mtu anayepiga hodi, mpaka nikawa natamani mmoja angalau anitukane.

Kilichonirudisha Jumatano ya pili ni wewe, Baba. Kile kilima cha kuingilia msitu nilikisukuma kwa miguu siku ya kwanza, ulimi nje. Nilipolala nikaliona Daraja la Nyali. Unatoka Buxton, mzigo nyuma, na mimi nimekaa kwenye mtaimbo nimeshika usukani, nina miaka saba. Wenzako walikuwa wakisimama juu ya pedeli wakitikisa baiskeli kushoto kulia. Wewe hukusimama. Ulikaa, ukapunguza, ukawa unapumua kwa hesabu, nne ndani nne nje, na ulipofika juu ulikuwa unazungumza. Nilikuuliza, ukasema: "Mzigo usijue kwamba umechoka." Basi Jumatano ya pili nilikaa. Nne ndani, nne nje. Katikati ya kilima nikawapita wawili waliokuwa wamesimama juu ya pedeli. Nilitaka kuwaambia kushoto kwenu, ikatoka "nipisheni", na wakanipisha.

Hebu nikupe habari za chuma chenyewe, maana hizo hutazikataa hata ukiwa umenuna. Haina karia, haina stendi, haina madigadi wala kengele. Gurudumu ni inchi 29. Foko ya mbele hunywea kama mguu wa ngamia anayepiga magoti, na ndani hamna springi, ni hewa tupu. Breki ni sahani ya chuma katikati ya gurudumu, hubanwa kwa mafuta kama ya gari. Kidole kimoja chatosha. Tairi halina tyubu. Wamemimina ndani maji meupe ya utomvu wa mpira; mwiba ukitoboa, utomvu hutoka, ukagandia tunduni, na safari ikaendelea. Kumbuka mikono yako siku ya kupasua fenesi, ndivyo ulivyo. Na upepo ni mchache mno, presha 20 hivi, tairi linabonyea, ili liukumbatie mzizi badala ya kuurukia. Wewe ulikuwa ukipiga pampu mpaka tairi likigongwa kwa kucha linalia.

Mwambie Ami, anayesema ni mchezo wa matajiri, kwamba ulianza kwa watu wenye grisi mpaka viwikoni. Ni vijana wa Marin, California, miaka ya sabini, waliokuwa wakichukua mabaiskeli makuukuu, mazito, ya gia moja, breki yake ni ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, wakayateremsha mlimani. Mwaka 1976 wakaanza kupimana saa. Wakifika chini, grisi ya ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye breki hiyo, imeungua yote imekuwa moshi, hapana budi kufungua habu na kuijaza tena kabla ya kurudi juu. Mteremko wenyewe wakauita Repack, yaani kujaza upya. Miaka 20 baadaye, 1996, mbio za baiskeli za milimani zikaingia Olimpiki kule Atlanta.

Sasa kuanguka. Jumanne mvua ilinyesha. Mzizi wa mti ukilowa ni kama samaki mkunga: ukiukanyaga ubavuni unakukimbia. Nilikuwa raundi ya pili, yule mtoto yuko mbele yangu hatua kumi, nywele zimesukwa msuko mmoja unaorukaruka chini ya helmeti, nami nimeshaapa kwamba leo hanitoki. Nikabana breki ya mbele palepale ambapo hata mwanagenzi wa wiki moja angejua kutobana. Gurudumu likaenda kushoto, mimi nikaenda mbele. Nakumbuka kuiona pedeli iko juu yangu, angani, inazunguka taratibu, na majani ya miti nyuma yake. Kisha harufu ya udongo. Kisha nikasikia breki za mtoto, amesimama, ananiita. Nilimjibu kwa Kiswahili, "Sijambo, nenda." Akaelewa, akaenda. Nilimaliza wa 34 kati ya 38, damu imefika kwenye soksi. Wanne waliokuwa nyuma yangu walikuwa wazima, sijui kiliwachelewesha nini.

Mama, najua ulichokiwaza, hata kama hukukitaja. Tulikuwa sote sebuleni Agosti 2022 habari za Sule Kangangi zilipotangazwa: nahodha wa timu ya baiskeli ya Amani, kijana wa Eldoret, ameanguka kwenye mbio za changarawe na kufariki, na ni humuhumu Vermont. Wewe ulisema, "Mwana wa watu, amekwenda kufia mbali." Neno hilo ndilo lililonifanya niseme barafu. Sitakudanganya kwamba msituni hakuna hatari. Yeye alikuwa mwanamichezo wa kazi yake, mwenye mwendo ambao mimi siufikii hata nikisukumwa. Lakini jiwe halichagui. Helmeti niliyoanguka nayo nimeitupa, kwa kuwa ikishagongwa mara moja haifai tena, hata ikionekana nzima. Nimenunua mpya, na bei yake ni dola 70, safari hii bila kupunguza. Mvua ikinyesha siku ya kabla, siendi. Na zile mbio za kuteremka tupu, wanazovaa makoti ya plastiki kama kobe, sitaingia.

Siku ambazo hakuna mashindano huendesha tu, peke yangu, baada ya usingizi. Mwanzoni mwa Juni usubi hukuingia mpaka puani. Baadaye ni kupe. Nikirudi najikagua mwili mzima kama mtu anayetafuta sindano kwenye kanga, kwa sababu kupe wa huku huleta ugonjwa mbaya. Na misitu mingi ni ya watu. Huko kaskazini, East Burke, kuna njia za baiskeli za zaidi ya kilomita 160, Kingdom Trails, zilizoanzishwa 1994, zinapita ndani ya mashamba ya watu binafsi kwa ridhaa yao. Mwisho wa 2019 watatu miongoni mwao wakasema basi, baiskeli zisipite tena kwao, na njia zikakatika. Kwa hiyo sisi hapa lango tukilikuta limefungwa tunalifunga, mwenye shamba tukimwona tunashuka tukamwamkia, na masika yao, theluji ikiyeyuka na njia kuwa tope, hatukanyagi kabisa.

Mzee mwenye shamba letu hugema, Mama. Si mnazi, ni mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Mipira ya plastiki imefungwa kutoka mti hadi mti msitu mzima, nasi tunapita chini yake tukiinamisha vichwa. Mwishoni mwa baridi maji hutiririka humo mpaka kwenye pipa, kisha huchemshwa: galoni 40 za maji ya mti hutoa galoni moja tu ya asali yake. Nilimweleza jinsi wagema wa Rabai wanavyopanda mnazi na kibuyu asubuhi na jioni. Akaniuliza kama hawaanguki. Nikamwambia huanguka. Akanitazama kiwiko akacheka.

Juni Maghrib huku huingia saa tatu kasorobo. Mbio zimeisha, tikiti maji limekatwa, watoto wanafukuzana. Mimi huenda nyuma ya banda, nikatandaza taulo juu ya nyasi. Wamezoea. Yule mtoto wa msuko siku moja alimwambia mamaye apunguze sauti ya redio ya gari mpaka nimalize.

Aliyewaletea barua hii amebeba pia pampu, ni yako Baba. Ni ya kusimama chini, ina saa ya presha. Kichwa chake kina matundu mawili: lile pana ni la vali ya gari, lile jembamba ndilo litaingia kwenye vali ya Mamba. Kabla ya kupiga, itazame mpira wa vali. Kama umekauka, kwenye mfuko wa nailoni nimetia vipande sita vipya. Tairi la nyuma usilipandishe zaidi ya 50, lile limekaa ukutani miaka mingi, huenda limepasuka kwa ndani. Nakuja Desemba, inshallah. Grisi utanunua wewe.

Nisalimie Ami, na nyumba nzima ya Kongowea.

Wasalaam,

Mwanao