Zuhura, mpigie Baba kabla ya Alhamisi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Umoja. Watoto wamefunga shule, Mama Kevo anakuulizia kila tukionana. Nilingoja majibu ya Baba yatoke yote ndipo nikuandikie.

Ni saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na imekaa juu kabisa, karibu na zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Walimwingiza kamera hadi kwenye njia ya hewa, na namshukuru Mungu haijapenya huko. Daktari hakupendekeza upasuaji: pale juu, kukata uvimbe mara nyingi ni kuondoa na zoloto, na sauti inakwenda nayo. Kwa hiyo ni miale, yaani tiba ya mionzi, na kemo, yaani dawa za kuua saratani, kwa pamoja, na nia ni kuponya. Hilo nilimwomba alirudie, akalirudia. Miale mara 28, Jumatatu hadi Ijumaa, karibu wiki sita. Kemo mara moja kwa wiki, paklitakseli na karboplatini, maana dawa hizo huzidhoofisha seli za saratani mbele ya miale. Tayari wamemtengenezea barakoa ya plastiki ya kumshika kichwa na mabega asitikisike.

Barakoa ameikubali, sindano amezikubali. Anachokataa ni mpira wa tumboni wa kulishia, na Alhamisi ndiyo siku aliyopangiwa kuwekewa. Anasema mtu wa kulishwa kwa mpira ameshahesabiwa na wafu. Ni mambo ya marehemu Mzee Obedi hayo, unakumbuka. Lakini Mzee Obedi aliwekewa mwishoni, amebaki mifupa. Baba anawekewa mapema ili asifike huko. Ugali alishauacha, uji nao unapita kwa taabu. Miale ikianza kumuunguza umio, kumeza kutazidi kuwa kugumu kabla ya kupata nafuu. Akikonda sana au akiishiwa maji mwilini, huenda matibabu yakasimamishwa, na miale ikikatizwa haifanyi kazi vizuri. Akishaweza kula vya kutosha mpira unatolewa. Nimemweleza yote, yeye anahamishia mazungumzo kwenye chai! Daktari alimuuliza kama huinywa ikiwa moto sana, na tangu siku hiyo anaitetea kama mtoto aliyesingiziwa.

Gharama tuiache kwanza, Tito anashughulikia harambee.

Wewe anakusikiliza, Zuhura. Tangu ulipomuuguza mama yako anasema una moyo wa mtu mzima. Mimi ni kitinda mimba tu, nikisema mpira anaona nalia. Na kweli nalia, lakini mpira anauhitaji.

Utampigia Jumatano, baada ya taarifa ya saa moja? Yule binamu yako aliyelishwa kwa mpira akapona, bado yuko Nakuru? Anaweza kuzungumza na Baba, wazee kwa wazee? Wiki ya tatu hivi ya miale utapata ruhusa kazini uje tukae naye? Na mgongo wako je, umetulia?

Wako,
Mwende