Kukaguana simu si kipimo cha mapenzi

Ndugu Mhariri,

Tangu watumishi wengi wa serikali wahamie Dodoma, uchumba na ndoa za mbali zimekuwa nyingi hapa: mmoja yuko Dar es Salaam, mwenzake Nkuhungu au Ilazo. Treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyofika Dodoma mwaka 2024 imerahisisha safari za wikiendi, lakini siku nyingine mapenzi yanaendeshwa kwa simu. Sisi tunaoshauri wachumba na wanandoa tunasikitika kuona mambo ya hatari yakiitwa "kawaida tu".

Kubwa ni kudai ushahidi. "Piga video nione uko wapi." "Nitumie lokesheni." Ukiwa safarini usiku, kumwonyesha mwenzako ulipo ni busara, na WhatsApp inakupa kuchagua muda wa dakika 15, saa moja au saa nane, kisha inajizima. Balaa huanza inapokuwa amri ya kila siku na kuchelewa kujibu kunaadhibiwa. Wengi hutoa nywila wakiamini mwenzao akishaona kila kitu atatulia. Hatulii, kwa sababu simu haiwezi kuthibitisha kwamba jambo halipo. Asipokuta kitu atasema umefuta. Baada ya nywila utaambiwa ufute namba za watu fulani, kisha uachane na rafiki wa chuo, kisha dada yako ataitwa mchochezi, na mwishowe ukabidhi mshahara.

Jiulize: nikikataa, hutokea nini? Mwenye wivu wa kawaida atanuna, mtazungumza, yataisha. Anayetaka kukutawala atakunyima hela ya chakula au kutishia kusambaza picha zako. Angalia pia kama naye anatoa anachokidai kwako.

Kwenye WhatsApp ingia menyu ya nukta tatu (au Mipangilio kwenye iPhone), fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kifaa usichokijua, huenda kuna mtu anasoma ujumbe wako kupitia hicho. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Lakini kama mwenzako amewahi kukupiga, usikiondoe kifaa hicho mkiwa nyumba moja, maana atajua papo hapo. Tafuta kwanza pa kulala, na kitambulisho, vyeti vya watoto na kadi ya benki uviweke kwa ndugu unayemwamini.

Kuna upande wa pili unaosahaulika. Watu huvunja uchumba mzuri kwa sababu waligombana, au hamu ya tendo haikulingana kwa muda, au mmoja alitaka jioni ya peke yake. Hayo ni ya kawaida kabisa. Mkigombana, shikeni jambo moja, la mwaka juzi liacheni. Mapigo ya moyo yakipanda, pumzikeni dakika 20 hadi 30, ila anayetoka aseme atarudi saa ngapi. Kuondoka kimya kunamwacha mwenzako na hofu, na ugomvi wa pili unazaliwa hapo.

Kofi si sehemu ya ugomvi huo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, na kulipa mahari hakubadilishi hilo. Aliyepigwa aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, apewe PF3 (fomu ya polisi ya kupata matibabu), na majeraha yapigwe picha kabla hayajafifia. Aliyeumia vibaya akimbilie hospitali kwanza. Aliyeingiliwa kwa nguvu asikawie: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora.

Kwa wazee wetu na wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi tuna ombi. Kabla ya kusema "rudi ukavumilie", muulizeni mlalamikaji faragha, mwenzi wake asiwepo: amewahi kukukaba shingo? Ametishia kukuua? Kuna silaha ndani? Aliyewahi kukabwa yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa na mwenzi huyo huyo, hata kama shingoni hakuna alama. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, kikao cha suluhu kisubiri, asindikizwe polisi siku hiyo hiyo.

Washauri wa uhusiano na familia,
Dodoma