Mpako wa Wagonjwa si wa maiti

Ndugu Mhariri,

Anapofariki Mkatoliki mashuhuri, magazeti huandika kwamba alipewa “mpako wa mwisho”. Tunaomba maneno hayo yaachwe, maana yanaponza watu. Ndugu wa mgonjwa huyaamini, wakangoja mpaka anakata roho ndipo padre apigiwe simu, eti akija mapema mgonjwa ataingiwa na hofu.

Jina la sakramenti hiyo, ambayo padre humpaka mgonjwa mafuta matakatifu na kumwombea, ni Mpako wa Wagonjwa. Kanuni ya 1004 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema hupewa muumini aliyefikia umri wa kutumia akili, ambaye ameanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Neno lenye uzito hapo ni “ameanza”. Mzee aliyeishiwa nguvu hupakwa hata kama hana ugonjwa wa kutajwa jina. Anayepasuliwa kwa sababu ya ugonjwa mzito hupakwa kabla ya upasuaji. Akipona akaugua tena, au hali ikizidi kuwa mbaya katika ugonjwa uleule, hupakwa tena.

Mtoto mchanga hapakwi. Kama hajabatizwa, abatizwe hapohapo, na padre akiwapo anaweza kumpa na Kipaimara, sakramenti ya kumwimarisha aliyebatizwa. Kipimo cha kawaida cha umri ni miaka 7, lakini ikiwapo shaka, apakwe. Aliyehukumiwa kunyongwa naye hapakwi, ingawa saa ya kifo chake inajulikana, kwa kuwa si mgonjwa. Yeye huungama na kupokea Komunyo kama masurufu ya njiani. Hiyo Komunyo hasa ndiyo sakramenti ya anayeaga dunia, na aliyekwisha kukomunika siku hiyo hushauriwa akomunike tena.

Aliyezimia hupakwa, ikiwa alipokuwa na fahamu aliomba au mwenendo wake ulionyesha kwamba angeomba. Aliyekwisha kufa huombewa tu. Ila kama haijulikani amekufa au la, padre humpaka. Anayeng’ang’ania kwa ukaidi dhambi nzito iliyo wazi hapewi. Hapo ndipo jamaa wanapojifanya mahakimu: “Huyu hakufunga ndoa kanisani, padre wa nini?” Mwiteni. Mgonjwa akitubu, mlango uko wazi, na katika hatari ya kifo hata padre aliyeacha utumishi anaweza kumwondolea dhambi.

Mwortodoksi akiomba mwenyewe, akiwa na moyo ulio tayari, hupewa. Mprotestanti aliye katika hatari ya kifo hupewa pia, mradi hawezi kumpata mhudumu wa kanisa lake, ameomba kwa hiari yake, anakiri imani ya Kikatoliki juu ya sakramenti hiyo na yuko tayari moyoni. Asiyebatizwa huanzia kwenye ubatizo.

Anayepaka ni padre au askofu tu. Shemasi, sista na katekista hawawezi, wawe na mafuta au wasiwe nayo. Komunyo ya njiani, lakini, yaweza kuletwa na shemasi au mhudumu wa Komunyo, kwa hiyo padre akiwa mbali msikae kimya.

Mnapompigia padre, mwambieni mambo matatu: mgonjwa anaweza kusema? Anaweza kumeza? Fahamu anazo? Akiweza kusema, Kitubio, yaani kuungama dhambi, hutangulia, nanyi mtoke chumbani. Tayarisheni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, mshumaa na glasi ya maji. Kule kufunga saa moja kabla ya Komunyo hakumhusu mgonjwa wala anayemuuguza. Asiyeweza kumeza hostia, yaani mkate wa Komunyo, anaweza kupewa Damu ya Kristo (divai iliyowekwa wakfu) peke yake, kidogo tu, lakini padre asipoarifiwa mapema hataibeba.

Mafuta hupakwa kwenye paji la uso na mikononi. Kichwa na mikono vikiwa vimefungwa bendeji, msianze kuzifungua: panapo dharura, mpako mmoja mahali popote mwilini unatosha, hata mguuni.

Walimu wa dini