Kwenda maporomokoni na kurudi kabla ya jua kuwa kali

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba Mama naye anakuja. Umeuliza matembezi ya saa chache tu yanahitaji mipango gani, maana kila aliyekwenda anasema njia ni rahisi. Ni rahisi kweli, ila kuna jambo moja la kulishika kabla ya mengine yote: maporomoko mengi ya maji yako bondeni. Mlimani mtu hupanda akiwa na nguvu, akirudi mteremko unamsaidia. Huku mara nyingi ni kinyume. Mnashuka asubuhi mkiwa wepesi, halafu kazi yenyewe inawangoja mwisho, jua limepanda, chupa zimepungua na mtoto anataka kubebwa.

Kwa hiyo anza na hesabu ya muda. Angalia kama kilomita zilizoandikwa ni za kwenda tu au za kwenda na kurudi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea wakajikuta na njia maradufu. Kisha tafuta ni mita ngapi za kupanda. Mwaka 1892 William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, alitoa kanuni inayotumika hadi leo. Kwa vipimo vyetu ni karibu saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kwa mtu mzima mwenye nguvu asiyepumzika. Kwa kundi lenye mtoto na mzee, weka kilomita 3 kwa saa.

Tuseme maporomoko yako kilomita 4 kutoka mwanzo wa njia, na ni mita 300 chini yake. Kwenda ni saa moja na dakika 20. Kurudi ni muda huohuo pamoja na nusu saa ya mlima. Ongeza saa nzima ya kukaa majini na nusu saa ya mapumziko ya njiani, jumla inakaribia saa tano. Mkianza saa 1 asubuhi, saa 6 mchana mmekwisha rudi. Mkianza saa 4, mlima mtaupanda saa za joto, na kama ni majira ya radi za alasiri, mtaupanda zikiwa juu yenu. Kuwahi kuna faida nyingine: mahali penye sifa hujaa watu kuanzia katikati ya asubuhi, na kwenye njia nyembamba kupishana kunakula muda kuliko kutembea.

Kubalianeni mapema saa ya kugeuka. Kwa mfano huu, saa 4 ikifika hamjayaona maji, rudini. Ni bora ipangwe mkiwa nyumbani, kwa kuwa mngurumo ukishasikika hakuna anayetaka kurudi.

Maji ya kunywa: nusu lita kwa mtu mzima kwa kila saa, na karibu mara mbili ya hapo joto likizidi. Kwa saa tano beba lita mbili na nusu. Ni kilo mbili na nusu mgongoni, najua, lakini usipunguze. Tenga lita moja isiyoguswa mpaka mtakapoanza kupanda kurudi. Maji ya mtoni msiyanywe hivihivi hata yakiwa maangavu, kwani vijidudu vya kuhara havionekani kwa macho. Chakula kiwe chepesi, chenye chumvi kidogo na kitu kitamu, na kiliwe kidogokidogo. Mlo mzito kabla ya mlima huwachosha watu.

Viatu viwe vilivyokwisha kuvaliwa na vyenye soli ya meno. Kateni kucha za miguu siku moja kabla. Kwenye mteremko mrefu vidole husukumwa mbele, na kucha ndefu hugonga kiatu hadi ikawa nyeusi. Kabla ya kushuka, piga kisigino nyuma ya kiatu kisha kaza kamba karibu na kifundo, ili mguu usitembee ndani. Mtu akihisi joto mahali pamoja mguuni, msimame hapohapo mbandike plasta. Lengelenge likishajaa maji mmechelewa.

Sasa sehemu ninayoiogopa zaidi, mita 50 za mwisho. Rasharasha za maji hulowesha mawe usiku na mchana, mwani huota, na miguu ya wageni wengi husugua mawe yaleyale mpaka yanakuwa laini kama kigae. Jiwe jeusi au la kijani linalong'aa liepuke, usilikanyage. Kanyaga jiwe kavu lenye mikwaruzo, mguu wote ukiwa bapa, hatua fupi, mikono mitupu. Simu ikae mfukoni mpaka usimame. Juu ya maporomoko, kwenye ukingo ambapo maji yanaanguka, msifike kabisa, hata kama wengine wanapiga picha pale. Mtoto ashikwe mkono, asiambiwe tu awe mwangalifu.

Kuoga, ikiwa kunaruhusiwa, ni mbali na pale maji yanapoangukia. Povu jeupe limejaa hewa, kwa hiyo mwili hauelei vizuri ndani yake, na mkondo wa chini humrudisha mtu kwenye maanguko. Ingieni polepole, maji baridi humfanya mtu avute pumzi ghafla bila hiari, na kama kichwa kiko ndani atavuta maji mapafuni. Kuruka kutoka mwambani hapana kabisa, hata palipokuwa na kina mwaka jana, kwani mafuriko huhamisha mawe na magogo.

Tena angalieni rangi ya maji muda wote. Yakianza kuwa ya udongo, yakaleta majani na vijiti, au mngurumo ukabadilika, tokeni mpande juu mara moja, bila kukusanya nguo. Mvua inaweza kuwa imenyesha mbali huko juu na kwenu jua linawaka. Ndiyo maana utabiri wa kuangalia jana yake ni wa milima inakotoka mito, si wa mahali mtakapoegesha gari tu. Piga simu pia kwa wasimamizi wa eneo uulize kama njia imefunguliwa na kama mnahitaji kibali.

Simu huishiwa chaji haraka bondeni kwa kutafuta mtandao, hivyo pakua ramani nyumbani kisha uzime mtandao wa simu. Mwachie mtu mmoja jina la njia, saa ya kuanza na saa ambayo asipowasikia aombe msaada. Tochi moja, koti la mvua kwa kila mtu na nguo kavu za mtoto zisikosekane.

Njiani Mama na mtoto watangulie, nyinyi wengine mfuate mwendo wao. Ukipata kilomita na mita za njia yenyewe, niandikie na umri wa mtoto, nikupigie hesabu ya saa.

Wako daima,
Rafiki yako