Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Alama Zetu na Ubishi Wetu

Ndugu wanachama,

Katiba inanitaka nisome taarifa hii kabla ya hesabu za Mweka Hazina na kabla ya uchaguzi. Ya fedha namwachia mwenyewe; nakala mnazo, na mwenye swali amuulize yeye. Kuhusu wanachama niseme tu kwamba waliojiunga ni wengi kuliko waliotuaga. Wapya wengi walikuja kwa ajili ya filamu za kutisha, wakabaki kwa ajili ya ubishi. Karibuni sana.

Kazi ya chama hiki ni moja: tunatazama filamu, kisha tunasemezana. Idadi ya vikao imo kwenye daftari la Katibu. Mimi nitaeleza tulivyosemezana, na jambo lililotugawa kuliko yote mwaka huu lilikuwa alama.

Kwa faida ya wapya, utaratibu ulikuwa hivi. Filamu ikiisha, kila mtu huandika kwenye kikaratasi alama kati ya 1 na 10. Katibu hujumlisha, hugawa, hutangaza wastani, ndipo mazungumzo yafunguliwe. Nia ilikuwa njema: hata mwenye haya ya kusimama mbele za watu naye ahesabiwe.

Katikati ya mwaka tukatazama Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, iliyotoka mwaka 1975. Ni dakika 201 za mama mjane nyumbani kwake. Anamenya viazi, anaosha vyombo, anatandika kitanda, anapokea wateja wake wa mchana, anamsubiri mwanawe arudi shule. Kamera imesimama tuli, haimfuati wala haimsogelei. Vikaratasi vilipofunguliwa, karibu nusu ya ukumbi ilikuwa imetoa 9 na 10, na nusu nyingine 1 na 2. Wastani ukawa tano na ushei. Kikao kilichofuata tulitazama filamu ya mapigano ambayo sitaitaja, mliokuwapo mnaijua. Takriban kila mtu aliipa 5 au 6, na wastani ukawa tano na ushei vilevile. Ukilisoma daftari utadhani filamu hizi ni pacha. Ukumbini, ya kwanza ilituweka tukibishana mpaka mlinzi akaja kutuonyesha funguo. Ya pili, watu walikuwa wameshabeba mikoba kabla majina hayajamaliza kupita.

Tangu siku hiyo baadhi yetu tukaanza kuzitilia shaka tarakimu zetu, na za wenzetu pia. Chukueni ile asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, ambayo wengi wenu huitaja kama hukumu ya rufaa. Asilimia ile haisemi filamu ni nzuri kiasi gani. Inasema ni wahakiki wangapi kati ya mia walioikubali. Wahakiki wote wakiiona filamu kuwa inapitika tu, itapata 100. Nyingine ikiwafanya tisini walie kwa furaha na kumi wainuke waondoke, itapata 90. Mtu anayechagua cha kutazama kwa kufuata namba kubwa atajikuta na ile inayopitika tu.

Au tazameni kura ya filamu bora kuliko zote ya jarida la Uingereza, Sight and Sound, inayopigwa kila baada ya miaka 10 tangu 1952. Citizen Kane ilikaa kileleni kuanzia 1962 hadi 2002. Mwaka 2012 Vertigo ya Hitchcock ikaiondoa. Mwaka 2022 ikashika nafasi ya kwanza Jeanne Dielman hiyohiyo, ambayo miaka 10 kabla haikuwa hata kwenye kumi bora. Mwanachama mmoja aliuliza kwa hasira kama wahakiki wamerogwa. Jibu ni la kawaida zaidi. Waliopiga kura mwaka 2012 walikuwa 846, mwaka 2022 wakazidi 1,600, na waliongezwa watu wa rika na pande za dunia ambazo zamani hazikuulizwa. Isitoshe, kila mpiga kura hutaja filamu kumi bila kuzipanga, na kila moja huhesabiwa kura moja. Filamu inaweza kushika nafasi ya kwanza bila mtu yeyote kuiona kuwa ya kwanza. Inatosha iwemo kwenye kumi za watu wengi. Filamu ni ileile ya 1975. Waliobadilika ni waulizwaji.

Narudi ukumbini kwetu. Usiku ule wa Jeanne Dielman, mwanachama aliyekiri kutoa 2 alisimama akasema: "Nilikuwa nimechoka kabisa, mpaka pale alipoacha kufunika bakuli." Wengine hawakuelewa anasema nini, akaeleza. Yule mama huweka pesa zake kwenye bakuli la supu la mezani na kila mara hurudisha kifuniko. Siku ya pili anaweka pesa, anaondoka, kifuniko kimebaki pembeni. Baadaye viazi vinaiva kupita kiasi, naye anazunguka na sufuria nyumba nzima kama hajui aiweke wapi. "Niliogopa," akasema huyo wa alama 2, "kuliko filamu zote za mizimu tulizotazama." Waliotoa alama 10 wakageuka kumtazama, kwa kuwa ndicho walichokuwa wakitafuta maneno ya kukisema. Alama yake ilikuwa 2, na ndiye aliyeitazama filamu kuliko wote.

Basi Halmashauri ikafanya jaribio, na leo inaomba mlipigie kura. Wastani ufutwe. Mwenye kupenda alama abaki nayo kwenye kikaratasi chake. Badala yake, kila anayesimama ataje kwanza kitu kimoja alichokiona au kukisikia kwenye filamu, kisha ndipo aseme imempendeza au imemchosha. "Waigizaji wameuvaa uhusika" hakihesabiwi. "Stori haina kichwa wala miguu" nacho hakihesabiwi, mpaka useme ni wapi ilipokukatikia.

Matunda nimeyaona. Tulipotazama 12 Angry Men ya Sidney Lumet ya 1957, niliogopa vijana watalalamika. Wanaume kumi na wawili wamefungiwa kwenye chumba kimoja wakiamua kama kijana aliyeshtakiwa kwa mauaji ana hatia, na karibu dakika zote 96 hatutoki humo. Mwaka jana tungesikia "maneno matupu" na 4. Safari hii kijana mmoja alisema, "Chumba kimepungua." Watu wakacheka. Akaomba turudishe mwanzo, kisha twende karibu na mwisho. Mwanzoni kamera iko juu ya vichwa vyao, tunaona meza nzima na nafasi ya kutembea. Mwishoni kamera imeshuka chini ya macho, dari linaonekana limewakalia, na ukuta wa nyuma kama umesogea hadi mabegani. Hakuna aliyemfundisha. Ndivyo alivyofanya Lumet kwa makusudi, na mwenyewe alikuja kueleza: alishusha kamera hatua kwa hatua na kubadilisha lenzi kuelekea zile ndefu, zinazobana nyuma na mbele pamoja. Picha ya mwisho ya nje akaipiga kwa lenzi pana ili mtazamaji naye avute pumzi. Waliokuwa wakicheka wakanyamaza, mmoja akasema hata yeye alihisi joto ila alidhani ni feni yetu mbovu. (Feni kweli ni mbovu. Ipo kwenye bajeti.)

Rashomon ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1950, ndiyo iliyozua ugomvi mkubwa zaidi, na sikutarajia vingine. Kifo kimoja kinasimuliwa na mnyang'anyi, na mke, na marehemu kupitia kwa mganga, na mkata kuni, na hakuna simulizi mbili zinazolingana. Tuliipoteza nusu saa ya kwanza tukitafuta mwongo. Kisha mama mmoja akauliza swali lililotakiwa kuulizwa mapema: hakimu yuko wapi? Kweli, mashahidi wamekaa kwenye ua mweupe wakijibu maswali, lakini hakimu haonekani wala sauti yake haisikiki. Wanatazama mbele, yaani wanatutazama sisi. Tulikuwa tumekalia kiti cha hakimu muda wote bila kujua. Baada ya hapo hata wale walioshikilia kwamba mkata kuni ndiye mkweli walipunguza sauti, maana walianza kujiuliza kwa nini wao ndio wanaotaka awe mkweli.

Wapo wanaopinga pendekezo hili na nataka niwatendee haki. Wanasema mwenye haya alikuwa na kikaratasi, sasa hana kitu. Wanasema pia kamati ya uteuzi inahitaji namba ili ijue filamu gani irudiwe. Hoja ya kwanza ina uzito, kwa hiyo tumeongeza kwamba kitu kimoja kinaweza kuandikwa na Katibu akakisoma bila jina. Hoja ya pili siioni. Filamu ya kurudia ni ile ambayo watu bado wanaibishania wakiwa ngazini, na hilo halihitaji hesabu.

Suala la sauti na maandishi lilirudi tena, kama kila mwaka. Kuna wanaotaka filamu za kigeni ziwe zimeingiziwa sauti kwa lugha tunayoielewa, kwa sababu kusoma chini ya picha kunawanyima uso wa mwigizaji. Msimamo wa Halmashauri ni maandishi, na sababu nzuri kuliko zote ilitoka kwenye La Noire de… ya Ousmane Sembène, ya 1966. Diouana, msichana wa Senegal aliyepelekwa Ufaransa kufanya kazi za ndani, husema maneno machache sana kwa mdomo. Mawazo yake tunayasikia kwa sauti ya ndani, kwa Kifaransa, na sauti hiyo si ya mwigizaji tunayemwona bali ya mwanamke mwingine, Toto Bissainthe kutoka Haiti. Mwili wake unafua na kupika, sauti inatoka kwingine na kwa lugha ya mabwana zake. Ukiifuta sauti ile ukaweka nyingine, umefuta nusu ya kilio chake. Wenye macho yaliyochoka waketi mistari ya mbele. Viti hivyo tutawaachia wao.

Kuna malalamiko mengine yaliyokuwa na tiba rahisi. Wanachama kadhaa walisema filamu wanazozitazama nyumbani kwa mazoezi ya kikao zinaonekana "kama tamthilia", laini mno, kana kwamba waigizaji wanateleza. Tatizo si macho yenu. Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kila sekunde, na runinga za kisasa huchomeka picha za kubuni katikati ili mwendo uwe laini. Mwaka 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video fupi nzima kuwasihi watu wauzime mtambo huo. Ingieni kwenye mipangilio ya picha, tafuteni kinachohusu kulainisha mwendo, kizimeni. Huitwa jina tofauti kwa kila kampuni, kwa hiyo mtahangaika kidogo.

Kufichua mwisho. Nimepokea barua za kutosha. Swali lilikuwa kama Psycho ya Hitchcock, filamu ya mwaka 1960, bado inaweza kuharibiwa utamu, na waliobobea walisema haiwezekani, imeshakuwa historia. Sikubaliani nao. Kwa asiyeitazama, Psycho imetoka leo. Hitchcock mwenyewe aliwataka wenye majumba ya sinema wasiruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza, na sitasema kwa nini, maana wapya wamo humu ndani. Utaratibu uwe huu: kabla ya kutaja jambo la filamu ambayo hatukuitazama pamoja, uliza nani hajaiona. Akinyoosha mkono hata mmoja, zunguka.

La simu sitalirefusha. Zima.

Kuhusu maoni ya kuazima, naomba mnisikilize kwa subira. Wapo wanachama wanaokuja wamesoma uhakiki mara tatu na kutazama filamu mara moja. Wakisimama, unasikia maneno mazuri sana yasiyo na harufu ya mtu. Sikatazi kusoma, mimi nasoma mno. Ila someni baada. Mtu akija na maneno ya mhakiki mashuhuri, na mwenzake akaja na kifuniko cha bakuli, mimi nitampa nafasi mwenye kifuniko.

Kamati ya uteuzi imelaumiwa kwa kupenda filamu za zamani. Lawama hiyo ina ukweli nusu. Filamu mpya kila mtu ameshaitazama peke yake na amekuja na hukumu mkononi, ndiyo maana kamati huzikwepa. Hata hivyo Parasite ya Bong Joon-ho ilituonyesha kwamba inawezekana. Wote tulijua ilichukua tuzo kuu ya Cannes 2019, na mwaka uliofuata ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya filamu bora. Lakini tulipoanza na kitu kimoja, watu watatu walitaja ngazi, kila mmoja ngazi yake, na hatukutoka kwenye ngazi hizo jioni nzima. Kamati mpya itenge kikao kimoja kati ya vinne kwa filamu zilizotoka karibuni, na mapendekezo yawasilishwe kwa maandishi yakiwa na sababu, si jina tu.

Namshukuru Katibu, aliyejumlisha alama zote hizo bila kunung'unika na ndiye wa kwanza kuomba zifutwe. Kura ziko tatu: kufuta wastani, kanuni ya kufichua mwisho, na viti vya mbele. Baada yake uchaguzi. Mimi sigombei tena uenyekiti; naomba niwekwe kwenye kamati ya uteuzi, mkinikubali. Mweka Hazina, karibu usome hesabu, na uanze na feni.

Mwenyekiti