Umeshinda ubishi wa mnara

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Habari za Songea na baridi yake? Huku joto linatutokosa, ila wazima.

Ule ubishi wetu wa tangu bwenini umekwisha, na umeshinda wewe. Jumamosi nilipanda basi pale Makumbusho na mama mkwe, tukaenda Bagamoyo kwenye misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu. Unakumbuka nilivyokuwa nikikaza shingo kwamba Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, alisali kwenye kanisa lile la zamani? Kumbe aliingia maiti! Watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, walimkausha kwa chumvi na jua kule Chitambo, Zambia, moyo wakauzika chini ya mti. Wakamfunga ndani ya gome kama robota la nguo, maana vijijini maiti isingepitishwa, wakambeba miezi na miezi. Februari 1874 wakafika, akalala usiku mmoja mnarani, kisha akavushwa Unguja. Usiku mmoja, shoga, na mnara ukapewa jina lake! Waliomleta kwa miguu hawakuachiwa hata ngazi.

Misheni yenyewe ilianza 1868. Mapadri walikuwa wakinunua watumwa ili kuwakomboa, wakawapa makazi hapo hapo. Mama mkwe aliposikia hilo alinyamaza kutwa nzima ya mchana, nawe unamjua mdomo wake.

Lakini mbuyu ndio ulionimaliza. Husimuliwa kwamba mwaka 1895 Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyekuwa akiuguza wagonjwa pale, alimfunga punda wake mtini kwa mnyororo, akausahau. Mti ukanenepa, ukaumeza. (Punda alifunguliwa na nani, hakuna anayesema.) Kilichobaki nje ni kipande kifupi chenye kutu, gome limekibana juu na chini kama midomo ya mzee asiye na meno. Nilikivuta. Hakitikisiki.

Wapo wanaosema ukiuzunguka mbuyu huo unajiongezea miaka. Mama mkwe, mtu wa novena, akasema huo ni ushirikina mtupu. Nikaenda zangu chooni. Narudi, namkuta anazunguka, rozari mkononi, kitenge kakikaza kiunoni, anahema.

"Natafuta kivuli," akaniambia.

Visheti vyako vya ubishi nitavituma kwa basi la Ijumaa. Wasalimie watoto.

Wako wa kitanda cha juu.